Maisha ya Fundi Bado, Mwashi Aliyeacha Meno Ukutani

Alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, katika chumba kimoja nyuma ya tanuri la matofali, na mama yake, aliyekuwa mchomaji wa matofali, alirudi kazini kabla tanuri halijapoa. Wazee wa mtaa ule wanasimulia kwamba mtoto hakulia alipozaliwa, bali aligeuza shingo, akautazama ukuta wa chumba, akakunja uso kwa sababu ulikuwa umepinda. Mkunga alikuwa mtu wa sala, na hakuwa na desturi ya kusema uongo siku za kazi, kwa hiyo tumeliandika kama alivyolisema. Jina la ubatizo lilisahaulika mapema. Watu walimwita Fundi Bado, kwa kuwa kila alipoulizwa kama nyumba imekwisha alijibu neno hilo moja, akaendelea kuchanganya udongo.

Mwito wake ulimjia akiwa kijana anayembebea mwashi mwingine matofali. Jumapili moja padri, mtu mpole mwenye kikohozi, alihubiri juu ya ufalme wa Mungu: jinsi ulivyoanza na watu wachache waliojifungia ghorofani kwa woga, ukatoka humo, ukapita nyumba hadi nyumba, bandari hadi bandari, lugha hadi lugha, ukatiwa gerezani, ukatoka na mlinzi wa gereza akiwa amebatizwa, tawala zilizouwinda zikawa magofu, nao ukazidi kukua kimya kimya kama mtoto anavyokua usingizini, na hakuna kizazi hata kimoja kilichouona mwisho wake. Baada ya Misa kijana alimngoja padri mlangoni.

“Baba, sasa nani atapiga lipu?”

Padri alicheka mpaka kikohozi kikambana. Kisha akamwekea mkono begani. “Si mimi, mwanangu, na wala si wewe. Sisi tujenge, tuwaachie wenzetu pa kuungia.”

Tangu siku hiyo hakumaliza ukuta wowote bila kuacha meno, yaani pale ukuta unapokoma, tofali moja huingia ndani na moja hutokeza nje, ili ukuta mwingine ukija ushikane na wa kwanza kama vidole vya mikono miwili. Waashi wote huacha meno wanapojua kazi itaendelea. Yeye aliyaacha kila mahali, hata kwenye choo cha fundi viatu, ambaye alimwuliza kwa uchungu ni nani hasa anayetarajiwa kuongezeka humo.

Alimwoa mshonaji mwenye mikono ya taratibu na ulimi mkali, wakapata watoto, watoto wakakua wakaenda mbali kutafuta kazi. Miaka hiyo ndipo alipojenga kanisa letu, dogo, la madirisha mapana, na pembe zote mbili za nyuma akaziachia meno. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa muuza nyama, kaka wa mkewe, ambaye hakupendezwa hata kidogo.

“Shemeji, ukuta unatucheka.”

“Acha ucheke, shemeji. Una habari njema.”

Lakini habari njema zilionekana kupungua. Vijana walihama, wazee walizikwa, mabenchi ya nyuma yakawa makao ya vumbi. Meno yakaota ukungu. Muuza nyama alisema waziwazi kwamba kanisa linafanana na nyumba ya mtu aliyeishiwa njiani, na kwamba askofu anakuja, na haya ni aibu. Fundi Bado alivumilia hayo yote kama mtu anayevumilia mvua. Jaribu lenyewe lilitoka mahali asipopatarajia. Mkewe aliugua kifua, na walipojua wote wawili kwamba hatapona, alimwita kitandani.

“Baba watoto, sijawahi kukuomba kitu kuhusu kazi yako.”

“Umeniomba kila siku ninawe miguu.”

“Hiyo si kazi, ni ustaarabu. Sikiliza. Usinizikie kwenye kanisa ambalo halijaisha. Kata yale meno, upige lipu. Nataka niage mahali palipokamilika.”

Alikuwa amempenda mwanamke huyo kuliko alivyopenda matofali, na hilo, kwa waliomjua, si neno dogo. Akaahidi. Akachagua Jumapili saa za Misa, watu wakiwa ndani wanaimba, ili asionekane uso. Akachukua nyundo na tindo, akazunguka nyuma ya kanisa.

Pale nyuma alikuta watu. Walikuwa wafanyakazi wapya wa tanuri, waliotoka mbali, wakisema lugha nyingine baina yao. Nguo zao zilijaa udongo, nao waliona haya kuingia nazo. Wamekaa juu ya meno ya chini, wamening’iniza vifurushi kwenye meno ya juu, wakisikiliza Misa dirishani na kuitikia kwa sauti ndogo. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliiona nyundo, akainuka.

“Samahani, mzee. Tuhame?”

Fundi Bado alishusha nyundo. “Kaeni,” akasema. “Nimewajengea.”

Alirudi nyumbani akasimama mlangoni. Mkewe alimtazama mikono. “Haina vumbi.”

“Mama, kuna watu wameyakalia.”

“Watu gani?”

Akamweleza. Mgonjwa alivuta pumzi kwa shida, kisha akatabasamu.

“Basi usiwavunjie viti vyao. Waambie wanibebe wao. Mtu aliyebeba jeneza haulizwi nguo.”

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa nyuma ya ukuta walimwingiza kanisani mabegani mwao, na walipokwisha kumtua, padri aliwaambia waketi. Mabenchi yakajaa mpaka muuza nyama, aliyechelewa, akakosa nafasi, akamuaga dada yake dirishani akiwa amekaa juu ya jino la ukuta. Alilia hapo sana. Misa ilipokwisha alimfuata mfiwa.

“Shemeji, mchanga nikuletee wa mto au wa shimo?”

Wakaanza kuongeza kanisa. Tofali jipya lilipoingia kwenye meno ya zamani, lilikaa bila kuchongwa, na wapo wanaoapa kwamba mvua ya msimu ule ilipita kando ya udongo mbichi, ikafika mtaa wa pili, ikarudi kuuliza kama umekauka. Fundi Bado hakuliona paa. Alifariki akiwa na mwiko mkononi, na waliomwosha wanasema iliwabidi wamwombe ndipo akauachia. Askofu hajamtangaza mtakatifu. Sisi tumetangulia tu kidogo.

Enyi mnaosoma, msihesabu ufalme kwa mabenchi mnayoyaona. Mmesimama juu ya ukuta ambao hamkuuanza wala hamtaumaliza. Mkija kusali kwetu, zungukeni kwanza hadi pembe za nyuma za ukuta mpya. Alizijenga yeye mwenyewe, wiki yake ya mwisho. Zina meno, na mara nyingi mtakuta mtu amekaa hapo, anasikiliza. Msogeleeni. Mwambieni aingie.