Majina Pamoja na Mama Zao

Kwa muda mrefu nilimlaumu Mwairishi, maana kumlaumu maiti ni rahisi. Alikuwa mtunzi wa riwaya, mmoja wa wale waliovunjavunja utaratibu wa zamani wa kusimulia. Aliuhama mji wake, akaishi ugenini na macho mabovu, lakini aliendelea kuuandika mji uleule. Alipotaka kujua jambo dogo la huko, aliwaandikia barua ndugu waliobaki. Nilisoma habari zake nikiwa mwalimu Dar es Salaam, nikapagawa. Mimi kinanishinda nini? Nina kisiwa changu cha Mafia, na nina shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane, mkulima wa mwani, mwenye hati nzuri kunishinda. Simu hakuitaka. Nikamwandikia: nani hutoka nyumbani saa ngapi, hupita wapi, kahawa hunywa na nani? Alinijibu kwa kirefu, kila barua akiitunga kwanza kwenye daftari kabla ya kuinakili. Kwa kuwa kijijini kwetu majina hufanana, kila mtu alimwandika pamoja na jina la mama yake, nisije nikachanganya.

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na yeye. Kwetu anayetaka jina lako na la mama yako ni mganga, au ni mwanga anayekutafuta.

Mwaka huo chombo kilizama karibu na kisiwa cha Shungimbili, wakafa wavuvi wawili wa kijijini kwetu. Wiki hiyohiyo mke wa jirani alikuja kuazima mbuzi ya nazi, akalikuta daftari liko wazi mkekani. Akawasoma marehemu wote wawili, na mama zao, na saa waliyozoea kushuka pwani.

Nilikuwa likizo kwa shangazi, nimesimama kwenye mlango wa uani, wanakijiji walipoingia asubuhi na michi na makasia. Aliyetangulia alikuwa jirani mwenyewe, mume wa mwanamke yule. Tangu utoto wake hakuwahi kumpita shangazi bila shikamoo. Siku hiyo hakumwamkia.

"Nani kakutuma uwaandike watu na mama zao?"

"Sikutumwa na mtu."

"Umewasomea albadiri, wamekufa! Sasa zamu ya nani?"

"Mwanangu, nimeandika maisha ya watu tu. Ubaya uko wapi?"

Shangazi akanitazama mara moja, kisha akageuza uso haraka, wasije wakayafuata macho yake. Barua zangu zilikuwa chini ya godoro lake. Lilihitajika neno moja tu: ni mimi. Niliogopa. Sina pambo la kulitia neno hilo, niliogopa tu.

Kasia likampata mdomoni, akatema meno mawili. Walimlaza kifudifudi, mmoja akamkanyaga kiwiko, na yule jirani akaupiga mchi kwenye mkono wa kuume, mara tatu, kama anayetwanga. Nilisikia mifupa. Daftari walilitia moto palepale uani, huku mtu akipiga kelele leteni mafuta ya taa naye achomwe.

Aliyemwokoa alikuwa mke wa mmoja wa waliozama. Alitoka edani, mjane wa siku sita, akajitupa juu ya shangazi na kulia kwamba mume wake kauawa na bahari, na anayetaka kuua aanze na yeye. Watu walimwonea haya, wakatawanyika.

Hospitalini Kilindoni walimfunga mkono, lakini vidole havikukunjuka tena. Niliketi kando ya kitanda chake siku mbili, na hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Laiti angenitukana.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama mbele ya watu nikasema barua ni zangu na maswali ni yangu, kwamba naandika kitabu juu ya kijiji hiki na shangazi alikuwa akinisaidia. Nilingoja wanipige. Nilitamani wanipige. Wakatazamana, wakavaa viatu vyao, wakaondoka.

Jirani yule peke yake alinifuata hadi njiani. Akanishika kiganja kwa mkono uleule ulioshika mchi, akauliza kwa sauti ya chini, kwa aibu:

"Na mimi, humo kitabuni, umeniandika vipi?"

Nikamtandika ngumi ya uso hadi akapiga goti. Hakuinua mkono. Alijifuta damu, akaniangalia, bado anangoja jibu.