Bruchi ya Mbayuwayu na Mianzi

Mwaka mmoja baada ya mume wangu kufariki, pini ya bruchi aliyoninunulia ilipinda nikifunga kilemba kwenda kanisani. Aliipata sokoni hapa Woolwich, London, kwenye meza ya vitu vya zamani: pambo la fedha la kubania nguo, lenye umbo la yai, limechongwa mbayuwayu anayeruka juu ya mianzi. "Kitu cha Japani hiki," aliniambia siku ile, akijisifu kidogo. Niliivaa ili kumridhisha. Alipoondoka, nikaivaa kwa sababu nyingine.

Mwenzangu wa kwaya akanielekeza kwa sonara mmoja wa Kilburn, Mhindi aliyezaliwa Mombasa. Duka lake lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya duka la simu na kinyozi. Nilimkuta amevaa sweta, ameinamia kazi.

"Shikamoo, mzee."

Akainua uso taratibu, akatabasamu kabla ya kuitikia. "Marahaba, mama. Umetoka wapi?"

Nikamwambia Tanga. Akasema basi sisi ni majirani.

Nikampa bruchi. Hakumtazama ndege. Aliigeuza bruchi, akaweka lenzi jichoni, akauchunguza mgongo wake kwa muda mrefu.

"Nani alikuambia hii ni ya Japani?"

"Marehemu mume wangu."

"Imetengenezwa Birmingham."

Nilijisikia kana kwamba amemwita marehemu mwongo mbele yangu. Nadhani aliliona hilo, maana alinivutia kiti, akanipa lenzi. Akanionyesha mihuri midogo: simba anayetembea, ambaye ni alama ya fedha halisi; nanga, ambayo ni alama ya Birmingham; na herufi ya mwaka ilipotengenezwa. Kisha akaeleza. Enzi za Malkia Victoria, Japani ilipofungua bandari zake, vyombo, vitambaa na picha za huko vilifika London, watu wakavichangamkia. Mafundi wa Kiingereza wakaanza kuchonga pepeo za mkono, mianzi, maua na ndege, ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona nchi yenyewe.

"Tazama mchoro ulivyoegemea upande mmoja," akasema. "Kulia patupu. Fundi mwingine wa siku zile angepajaza, kulia sawa na kushoto. Huyu aliacha nafasi. Hilo alijifunza kwa Wajapani. Kwa hiyo mumeo hakukosea sana. Aliiona Japani, na Japani imo."

Nikatoa leso, nikajifuta macho. Yeye akajishughulisha na koleo lake mpaka nilipomaliza.

Alikataa kuweka kifungo cha kisasa. Alisema bruchi za wakati ule zilishikwa na ndoano ya wazi, iliyojikunja kama herufi C, na pini zilikuwa ndefu kwa sababu wanawake walivaa nguo nzito. Akiibadilisha, atakuwa amefuta ushahidi wa umri wake. Akainyoosha pini polepole, akaniambia niivae kwenye koti. "Na Jumamosi ukipata nafasi, pita. Ninazo nyingine za namna hii."

Jumamosi ndiyo siku iliyokuwa ikinitesa. Siku nyingine kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani ilinishika, lakini Jumamosi mimi na mume wangu tulizoea kuzunguka sokoni, na binti yetu alikuwa chuo, mbali. Nikaenda. Nikaenda tena. Mke wa mzee alituletea chai ya tangawizi kutoka ghorofani, naye mzee akinipa kitu kimoja baada ya kingine: "Sema unachokiona." Nilijifunza kwamba mstari uliochongwa kwa mkono una makali na hung'aa ukiugeuzia mwanga, ila nakala iliyomiminwa kwenye kalibu mistari yake ni butu, kama maandishi kwenye sabuni iliyotumika. Nilikosea mara nyingi. Niliwahi kuisifu bruchi moja kwa kirefu. Mzee akaniacha nimalize, ndipo akaniambia ni ya juzi tu.

Siku moja, mzee akiwa juu anakula, mama mmoja wa Kiingereza aliingia na bruchi ya bibi yake. Ilikuwa nyeusi kama mkaa, ina maua madogo ya dhahabu. Alitaka isuguliwe ing'ae, binti yake aivae harusini. Mwenyewe alishaanza pembeni kwa dawa ya kusafishia fedha.

"Tafadhali usiisugue tena," nikamwambia. "Msubiri mwenye duka." Sikuwa na hakika.

Mzee aliposhuka, aliitazama kwa lenzi. Kisha akamweleza kwamba weusi ule si uchafu. Ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, ikatiwa rangi kwa ufundi mkubwa, kazi ya mafundi wa Japani waliokuwa wakipamba panga. Watu wa huko walipokatazwa kubeba panga, mafundi hao wakageukia mapambo ya kuwauzia wageni. Kipande kilitoka Japani kweli. Fremu yake ndiyo iliyowekwa hapa Uingereza.

"Ukiuondoa weusi, umeiondoa kazi yenyewe," akasema.

Pale palipokwisha kusuguliwa hakuweza kuparudisha. Yule mama alipagusa kwa kidole, akasema miaka yote alidhani bibi yake alikuwa mvivu wa kusafisha. Akacheka huku machozi yakimlengalenga, akaondoka nayo ilivyo.

"Ulijuaje?" mzee akaniuliza.

"Sikujua. Niliona tu maua yamezama ndani ya ule weusi, hayakukaa juu yake."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi juu kumalizia chakula chake. Nilishinda na furaha siku nzima.

Miguu ilipomchosha mzee, alifunga duka, yeye na mkewe wakahamia Leicester kwa mtoto wao. Mwaka huu, baridi ilipopungua, nilipanda basi kwenda kuwatembelea. Baada ya kula nikamwambia nililokuwa nalo moyoni.

"Mzee, nilikuja kwako sijiwezi. Zile Jumamosi zilinisimamisha. Asante."

Akatazama bustani. "Wanangu wanaelewa Kiswahili, lakini wananijibu kwa Kiingereza. Kabla hujaja, nilikizungumza na mke wangu tu, tena tukigombana."

Mkewe akasema kutoka jikoni kwamba si kweli, wao hugombana kwa Kigujarati. Tukacheka wote watatu, mzee akanisogezea sahani ya chapati nile tena.