Wenyeji wa Gogo la Muhugu

Juzi sokoni Kariokor nilimwona mchongaji akigonga gogo na kulitegea sikio. Nikamkumbuka baba, naye mchongaji, nyuma ya nyumba yetu mtaani Baba Dogo, alasiri moja iliyonukia muhugu, mti wa kuchongea vinyago. Nyanya alikuwa ameniambia miti mikongwe ya msituni husikia, na ndani yake huishi watu wadogo. Kwa hiyo baba alipogonga gogo alilotoka kununua, nilidhani anabisha hodi. Likajibu kwa sauti nene, ya mbali.

“Wamesema nini, baba?”

“Wamesema tungoje.”

Jioni tulikunywa uji mtupu, nami nikawabakishia wale watu wadogo wa gogoni. Leo najua ile ilikuwa sauti ya mti uliooza ndani, usiochongeka. Baba alibeba hasara yake peke yake, akaniachia msitu wangu ukiwa mzima.