Sauti ya Mama Kwenye Filamu ya Wanafalsafa

Waliofika kwetu Unyambwa walisema wanatengeneza filamu kuhusu falsafa. Si ya vitabuni tu, alinieleza yule kijana mwongozaji kutoka Dar, bali na ya watu wa kawaida. Nikawapeleka kwa mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimesoma, lakini katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumshinda mama kwa hoja. Hata mchungaji akimwona anakuja alikuwa anaangalia saa.

Walimkuta uani anapiga alizeti. Wakamwondoa kwenye kiti cha plastiki wakamkalisha juu ya jiwe, wakamwambia avue sweta, kisha wakamtaka aongee Kinyaturu.

"Kwani Kiswahili changu kina kasoro gani?" mama akacheka. Lakini akakubali, maana mgeni ni mgeni.

Wakamuuliza kama waliokufa wanatusikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, na jibu lake nalikumbuka vizuri. Alisema hawasikii. Alisema baada ya kumzika bibi alikwenda kaburini mara nyingi kumuuliza jambo lililokuwa likimsumbua, na hakujibiwa. "Na mama yangu nilimjua. Angekuwa anasikia asingenyamaza, mtu yule." Kisha akanigeukia mimi. "Kwa hiyo na wewe, ukiwa na la kuniambia, niambie nikiwa bado nakula ugali."

Mvua zilipokatika, mama akafariki. Presha. Simu yake ilikuwa kitochi, na sisi wanawe wenye simu kubwa tulikuwa tumempiga picha tu, za Krismasi, mdomo kafumba. Sauti yake haikuwa popote isipokuwa kwenye ile filamu. Kila nikienda nyumbani baba ananiuliza, imetoka? Miaka yote alikuwa akimwambia mkewe apunguze maneno, na sasa alikuwa anayaomba.

Ilipotoka niliipakua, nikaiweka kwenye flashi, nikaichomeka kwenye televisheni ya baba. Walianza maprofesa, mmoja baada ya mwingine, rafu za vitabu nyuma yao, na chini limeandikwa jina la kila mmoja na kwamba ni mwanafalsafa. Walisema mambo ya kawaida sana, mengine ya kijinga kabisa, lakini waliachiwa sauti zao. Kisha akatokea mama juu ya jiwe. Chini yake waliandika: mwanamke wa kijijini, Tanzania. Jina lake hawakuona haja nalo.

Akafungua mdomo. Tukasikia neno moja la Kinyaturu, baba akasogea mbele, halafu sauti ya mwanamke mwingine ikamfunika, Kiingereza laini cha kubembelezea mtoto. Mama akabaki kwa chini kabisa, kama redio ya jirani. Na yule mwanamke alikuwa anasema kwamba kwetu wafu hawaendi mbali, kwamba wanatusikiliza daima.

Hasira ilinipanda. Kiti walimnyang'anya, sweta walimvua, Kiswahili walimkataza, na bado haikuwatosha. Wamempa maneno aliyoyapinga mbele ya macho yangu, na hayupo tena wa kuwabishia.

"Anasema nini?" baba akauliza.

"Hayo si maneno yake, baba."

"Basi mwambie huyo mwingine anyamaze. Mke wangu anaongea."

Nikachukua rimoti, nikapunguza sauti. Zikapungua zote mbili.