Kibiriti ya nyumba ya Butembo iko kwangu

Admin, ficha jina yangu, lakini hasira yangu usiifiche. Bandugu ya hii page, mimi niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na sita, mama wa batoto bane, bibi wa ndoa ya kanisa. Nakaa Kyavinyonge, kule chini kwenye ziwa. Kazi yangu ni samaki ya chumvi: pirogue ya bavuvi ikifika asubui, napasua samaki mugongoni, naweka chumvi, naanika ku jua. Niko na meza yangu ya kuanikia karibu na maji. Kwetu pale, mama mwenye kukosa ku meza yake juma mbili, benzake banaipatia mwingine. Ni sheria yetu, hata mimi niliipata vile.

Bwana yangu anafanya biashara Butembo, bintu yake inatoka Kasindi, ku mupaka. Miaka sita alikuwa anajenga nyumba kule. Nilifurahi, sitadanganya. Butembo inakomea kuwa muji mukubwa, kila kilima majumba inapanda, na binti wetu wa kwanza, Masika, anasoma kule mu secondaire, anakaa kwa nyanya yake, mama mukwe wangu. Nilizani ni nyumba ya kupumuzikia tukizeeka. Kumbe nilizani peke yangu.

Mwezi uliopita aliniita tubariki nyumba. Nikapanda na camion, nikavaa kitenge ya mupya, nikabeba samaki yenye kupita zote kwa uzuri. Nikakuta famille yake yote yenye kutoka Kipese, mugini yabo, pasteur, viti imepangwa, mbuzi imechinjwa. Sasa, kwetu nyumba ya mupya inaingiwa na moto: mama wa nyumba njo anawasha moto ya kwanza mu jikoni. Mwenye kuwasha, njo mwenye kukaa. Ukishawasha, unapika pale mupaka unazeeka, hakuna kurudi nyuma.

Mama mukwe akanipatia kibiriti ya mupya, akanionyesha makala ndani ya mbabula. Nikauliza kama ni siku ya kubariki ao ni siku ya kuhama. Shemeki wangu mukubwa njo akasema eti ndugu yake hawezi kuwa mutu wa maana mu Butembo na bibi mwenye kunuka samaki ku pêcherie ya ziwa, eti batoto badogo batapanda na camion ya juma ijayo. Yote ilishapangwa. Bwana yangu alikuwa anaangalia viatu yake.

Roho iliniuma. Ile matofali, nusu imetoka mu samaki yangu. Wakati nilikuwa natuma feza, haikunuka hapana. Nikamuuliza bwana yangu mbele ya bote: "Wewe njo ulipanga hivi?"

Akajibu polepole: "Mama Masika, washa tu. Tutaongea kisha."

Kisha! Miaka kumi na saba ya ndoa, na ya kuongea na mimi inabakia kisha. Nikafunga kibiriti mu pembe ya kitenge yangu, nikasalimia pasteur kwa heshima, nikaenda kutafuta camion ya kurudi ku ziwa, na batoto badogo bangali kwangu mupaka leo. Nilisikia mbuzi balienda kuipika kwa jirani.

Banasema nakataa maendeleo. Hapana. Butembo nilishaikaa miezi tatu, na mimba ya mwisho, kwa mama mukwe. Nilikuwa naomba kila kitu, hata chumvi, mimi mwenye kununua chumvi kwa gunia. Kwetu ku ziwa ni kimya, ndiyo. Courant ya umeme hakuna, na jioni kiboko inapita mu barabara kama mwenye mugini. Lakini kule nikisema neno, batu banasikia. Nikikosa juma mbili, meza imeenda, na mimi nakuwa mulinzi wa mapazia.

Sasa shida iko hapa. Tangu ile siku, jikoni ya ile nyumba haijawaka. Bwana yangu anakula ku restaurant, na batu banacheka. Mama mukwe ametuma neno: Jumapili hii, kama mimi sikuye kuwasha, Masika njo atawasha. Mutoto wa miaka kumi na tano. Akiwasha, jikoni imekuwa yake: atapikia baba yake, atafua, na masomo itakufa polepole. Banajua hiyo. Na nikimurudisha huku kwetu, masomo ya huku haifike mbali, basi anakosa pia.

Hapo nililia, siwezi kuficha. Nikajiambia basi, naenda kuwasha, yaishe. Lakini jana Masika akaniita na simu ya rafiki yake. Alikuwa anaongea chini-chini, lakini hakuogopa.

"Mama, kuya, lakini usikuye kuwasha. Kuya na ile kibiriti, umupatie baba. Yeye njo anapenda ile nyumba, awashe yeye."

Nilicheka mupaka benzangu ku meza baliacha visu. Mwanaume awashe moto ya kwanza, mbele ya pasteur na famille yote ya Kipese? Kwetu banasema mwanaume mwenye kuwasha ile moto atajipikia mupaka kufa. Mimi nasema na ajipikie.

Bandugu, nishaurini, lakini musiniambie "vumilia", hiyo mama yangu alishanipatia ya kutosha. Jumapili napanda. Kibiriti ingali mu pembe ya kitenge, hata njiti moja haijatoka. Nitainyoosha mbele ya bote, na mukono yangu haitawasha. Lakini namujua bwana yangu, anaweza kuficha mikono nyuma na kuangalia tena viatu yake, na Masika atakuwa amesimama pale pembeni ya mbabula, ananiangalia mimi. Akifanya vile, nifanye nini?