Sperancia na Ng'ombe wa Mwisho wa Nyamiyaga

Kilima cha Nyamiyaga kiko juu ya mji wa Kayanga. Leo ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke huko, atakuuliza, "Kule ushuani?" Nyumba zina mageti ya chuma, kuta zilizobandikwa vigae na mabati ya rangi yaliyokunjwa yafanane na vigae. Anakaa daktari, wanakaa wanunuzi wa kahawa, wanakaa watumishi wastaafu waliotoka Muleba na Bukoba. Katikati yao kuna kibanja kimoja cha migomba chenye nyumba ya matofali mabichi na zizi la ng'ombe mmoja. Hapo anakaa Bibi Sperancia. Nataka kuandika habari zake kwa sababu mengi niliyo nayo nimeyapata kwake, na ana kwa ana sijaweza kumwambia asante ikatosha.

Nyamiyaga maana yake ni mahali pa upepo. Zamani hapakuwa na mtu. Ilikuwa rweya, yaani mbuga ya majani isiyolimwa, watu wanachungia na kukata majani ya kuezekea. Waliokaa bondeni waliona wenzao wanaopanda juu kama watu waliokosa pa kukaa.

Sperancia alikosa kweli. Mwaka sabini na tatu mume wake alifariki akamwachia mabinti wawili. Shemeji zake wakasema kibanja cha ukoo hakiwezi kubaki kwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Wakampa kipande cha rweya juu kabisa, wakamwonyesha mipaka kwa fimbo, wakashuka. Anasema aliwasikia wakicheka njiani.

"Nilipiga jembe la kwanza likanirudia," aliniambia. "Likatoa cheche kama kiberiti. Nikakaa nikalia. Baadaye nikaona machozi hayaoteshi kitu, nikainuka."

Mwaka uliofuata alipita mfugaji mmoja kutoka upande wa Kaisho, jina lake Mwebesa, akitafuta majani kwa ajili ya ng'ombe wake. Mke wake alikuwa mjamzito na uchungu ukamshika pale pale kwenye upepo. Sperancia akamwingiza katika kibanda chake cha majani, akamzalisha, akamkanda kwa maji ya moto siku nne. Kiangazi kilipokwisha Mwebesa akarudi na mtamba mmoja mwekundu wa pembe ndefu. Hakutaka malipo. Kwa wafugaji, ng'ombe wa namna hiyo halipiwi. Ukishampokea mmekuwa ndugu. Akaitwa Bihogo, jina wanalopewa ng'ombe wa rangi hiyo. Bihogo akazaa, na mtoto wake akazaa, na kila jike aliyebaki katika zizi lile ameitwa Bihogo hadi leo.

Hapo ndipo Sperancia alipoanza kutengeneza kibanja. Alichimba shimo la kina cha kiuno kwa mtaimbo, akatoa mawe, akalijaza samadi, majivu na majani yaliyooza, akapanda mgomba mmoja. Akaufunika chini kwa majani aliyokata kwenye rweya. Mwaka wa pili akachimba mashimo matano. Watu waliopita kwenda kuchunga walimwuliza, "Mama, leo unamzika nani?" Akawajibu, "Namzika njaa." Baada ya miaka kumi, ukisimama barabarani huwezi kuiona nyumba yake kwa migomba. Ndizi na kahawa kidogo viliwasomesha mabinti. Mkubwa, Kokwijuka, ni muuguzi huko Kyerwa. Mdogo ameolewa Uganda, ng'ambo ya Murongo.

Mimi nilimaliza darasa la saba nisichaguliwe kuendelea, nikaja kwake kuomba kibarua cha siku mbili. Alinifundisha kung'oa machipukizi ya ziada, kukata majani makavu bila kuumiza shina, na kujua kwa kuangalia tu mgomba una njaa au una kiu. Zile siku mbili zimekuwa miaka ishirini na saba. Mke wangu alinioa, kama anavyotania, kwa sababu ya mkungu niliobeba kutoka kwa Sperancia kwenda kwao kuposa.

Halafu mji ukapanda. Barabara iliwekwa lami, umeme ukaja, na wenye uwezo wakagundua kwamba upepo tuliokuwa tunaukimbia ni hewa safi. Asubuhi ukungu ukikaa bondeni, ukisimama Nyamiyaga unaona vilele vya milima hadi upande wa Rwanda. Viwanja vikapimwa. Kibanja cha Sperancia kikapimwa pia, kikabaki chake. Kwingine likaletwa greda, likasawazisha na kusukuma udongo wa juu kwenye korongo, ili nyumba zikae mahali bapa.

Sitaki kuwasema vibaya watu wa Nyamiyaga. Ninakata michongoma yao na kufyeka nyasi zao, na ada za watoto wangu zimetoka kwenye mageti yale. Daktari humpima Sperancia presha kila Jumamosi. Mama Immaculata, mke wa mstaafu mmoja, Mzee Kaijage, hunikaribisha chai mezani, si nje. Lakini kitu kimoja kiliwatesa. Mtu wa kwetu hata ajenge ghorofa, nyumba isiyo na migomba anaiona kama ofisi. Basi kila mmoja alipanda migomba nyuma ya ukuta wake, na kila mmoja ikamshinda. Majani yalikuwa manjano, mikungu midogo kama ngumi. Walinunua ndizi sokoni Kayanga na kuziingiza getini zimefunikwa kwa turubai, majirani wasione.

Mwaka juzi, mwanzo wa mvua za vuli, Sperancia akaletewa barua ya kamati ya wakazi. Akaniita niisome. Ilisema kwamba kutokana na inzi na harufu, na kwa kuwa eneo ni la makazi ya kisasa, ng'ombe aondolewe ndani ya siku kumi na nne. Imesainiwa na mwenyekiti, Mzee Kaijage, aliyekuwa afisa wa forodha Murongo kabla ya kustaafu.

"Soma tena pale pa siku," akasema.

Nikasoma.

Akaenda zizini, akampapasa Bihogo shingoni. "Elick, ng'ombe huyu akiondoka, kibanja hiki kimebakiza miaka mitatu. Majani peke yake hayatoshi. Jiwe litapanda juu tena."

Kokwijuka alipiga simu akamwambia aende kukaa naye Kyerwa apumzike. Nilimsikia akijibu, "Nipumzikie kwenye kochi? Nikiamka asubuhi nifanye nini, nipanguse vumbi kwenye televisheni?"

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, kwenye baraza ya Mzee Kaijage, viti vya plastiki vimepangwa. Sperancia alivaa gomesi yake ya kanisani. Mimi nilisimama pembeni kwa sababu alinitaka nimsindikize.

"Shikamoo, Mama," Mzee Kaijage akaanza. "Tunakuheshimu. Wewe ndiye uliyetutangulia hapa. Lakini hapa sasa ni mtaa wa kisasa."

"Marahaba, mwanangu. Huo mtaa wa kisasa unakula?"

"Unakula, Mama."

"Unakula nini?"

"Ndizi," akasema, na watu wakaanza kucheka.

"Za wapi? Maana naona gari zinapita zimefunika kitu kama maiti."

Kicheko kikawa kikubwa. Mama Immaculata akajifunika uso kwa khanga. Mzee Kaijage akatabasamu kidogo, halafu akakaza uso.

"Mama, utani tuweke kando. Wewe ulibahatika. Kipande chako ndicho kilichopata udongo mzuri, sisi tukapata mawe. Ndiyo maana unastawi. Hata ng'ombe akiondoka, udongo wako utabaki. Hatukunyang'anyi kitu."

Nikaona watu wanatikisa vichwa kukubali, hata daktari. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote waliamini hivyo. Waliamini kilima kilimpendelea.

Sperancia akasimama. "Twendeni nyumbani kwangu. Si mbali. Elick, chukua jembe."

Wakatufuata, wengine na viatu vyao vya kanisani. Akanipeleka katikati ya migomba, akaniambia nichimbe. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Nikachimba hadi kifundo cha mguu, nikachimba hadi gotini, bado mweusi. Halafu jembe likagonga changarawe nyekundu.

"Umeona alama?" akamwuliza Mzee Kaijage. "Mweusi unaishia pale kama chai kwenye kikombe. Sasa njoo huku."

Akatutoa nje ya michongoma yake, hatua mbili tu, kwenye kipande cha kando ya barabara ambacho hakijajengwa. "Hapa greda halikupita. Hakuna aliyepagusa tangu nije. Piga, Elick."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Jembe likaruka, mikono ikafa ganzi hadi mabegani. Nikapiga tena. Ilikuwa changarawe ile ile, imeanza juu kabisa.

"Huu ndio udongo wa Nyamiyaga," Sperancia akasema. "Ule mwingine umetoka tumboni mwa Bihogo, nikaubeba kwa ungo miaka hamsini. Mkimtoa, niambieni tumbo lingine liko wapi."

Mzee Kaijage alirudi ndani ya kibanja peke yake. Alichuchumaa kwenye shimo akachota udongo, akaufinya, akaunusa. Alikaa hivyo hadi mke wake akamfuata.

"Kwetu Muleba palikuwa na udongo kama huu," akasema. "Nilijua umezaliwa hivyo."

"Mama yako alikuwa na ng'ombe?" Sperancia akauliza.

"Wawili."

"Basi ulikuwa shuleni wakati anabeba."

Mzee Kaijage alicheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Nilikuwa shuleni, Mama. Na nilikuwa naziba pua nikirudi."

Hawakukubali yote siku ile, maana inzi walikuwa wa kweli. Daktari akasema tatizo ni samadi kukaa wazi, na mkojo kutuama kwenye zizi la udongo. Wakabishana pale pale wamesimama kati ya migomba. Mnunuzi mmoja wa kahawa akasema bora ng'ombe ahamishiwe Nyakasimbi, samadi iletwe kwa gari. Mama Immaculata akamwuliza kama yeye atakuwa tayari kuikokota hadi juu kila wiki, na shauri hilo likaishia hapo. Mwisho Mzee Kaijage akasema, "Barua ile naifuta. Nitaandika nyingine." Barua ya pili aliileta mwenyewe na akaisoma mwenyewe: ng'ombe abaki, zizi lisakafiwe kwa saruji, shimo la samadi lifunikwe. Saruji ikatoka kwa wakazi. Sakafu niliimwaga mimi na kijana wa daktari, na Sperancia akakaa kwenye kigoda akituhesabia koleo za zege tunazomwaga ovyo.

Naye aliweka sharti lake. Kila nyumba imletee Bihogo maganda ya ndizi na majani ya mahindi badala ya kuyatupa korongoni, na atakayeleta ndiye atakayechota samadi. Siku hizi asubuhi, kabla magari hayajatoka, kuna watu wazima wenye ndoo getini kwake. Wanasalimiana, wanaulizana habari za watoto. Wengine walikaa jirani miaka minane wakijuana kwa rangi ya magari tu. Mimi nimepata kazi ya kuchimba mashimo karibu kila nyumba ya Nyamiyaga, kina cha kiuno, kama alivyonifundisha.

Sperancia ana miaka sabini na zaidi sasa na magoti hayamruhusu kuinama. Kibanja chake nakihudumia mimi. Ninashukuru kwa kazi hiyo kuliko zote, ingawa ndiyo ninayokemewa zaidi. Namshukuru pia Mwebesa, ambaye sikumwona, na yule mama aliyejifungulia kwenye upepo.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Sperancia kwa Mzee Kaijage, akataka kuona migomba iliyopandwa baada ya kikao kile. Ipo kumi na mmoja, mitatu imeshatoa mikungu. Tulimkuta mzee amevaa buti za mpira, suruali ameikunja, anamwaga samadi kwa koleo moja kwa moja juu ya shina.

Sperancia akasimama kwenye njia na fimbo yake. "Kaijage, mwanangu! Unaulisha mgomba au unauzika?"

Mzee akashtuka, koleo ikiwa hewani. "Nakosea wapi, Mama?"

"Mdomo wake hauko hapo. Rudi nyuma hatua moja. Mizizi inakula mbali na shina."

Akarudi nyuma hatua moja, akamwaga. Akamtazama.

"Nusu hatua tena," akasema Sperancia.