Shati ya Bulu

Kwenye kliniki yetu ya Nchelenge, upande wa Zambia, mutu akizama ziwani tunamupiga foto kabla ya kumuzika, maana joto halingojei ndugu zake wa Congo. Foto zilikaa kwenye kompyuta ya kuigizwa na programu, iliyomo ndani ya kompyuta nyingine, na mimi ndiye niliyeitunza.

Siku moja kipande cha diski cha rejista ya wagonjwa kilijaa. Nikataka kupunguza kipande cha foto nikiongeze kile. Utaratibu naujua: kwanza unapunguza mfumo wa mafaili, ndipo unapunguza kipande kinachoubeba; ukigeuza, mafaili yanakatwa. Lakini umeme ulikuwa karibu kukatwa, na mimi subira sina. Nilianza na kipande, bila hata nakala. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaandika ndiyo.

Juma lililofuata mama mumoja akavuka ziwa kutoka Kilwa ya Congo.

“Papa, unionyeshe bwana yangu. Alivaa shati ya bulu.”

Nilijaribu faili baada ya faili. Hakuna iliyofunguka. Shati ile niliikumbuka vizuri, na kaburi nalijua. Lakini nilimuambia hatujapata mutu kama huyo.

Akamushukuru Mungu, akarudi ngambo kumungojea bwana yake.